Kifungo cha Kodrai

Binti yangu ana miaka sita na ni mtu wa kuuliza maana ya majina. Nilipomletea kitabu cha dubu aitwaye Corduroy, nilichokinunua kwenye turubai la vitabu vya mitumba pale Posta, hakuuliza dubu huyo anakula nini wala anaishi wapi. Alitazama jalada, akasema, "Mama, Corduroy ndiyo nini?"

"Ni kodrai."

"Kodrai ndiyo nini?"

Nikakwama. Huwa namtafsiria vitabu vya Kiingereza papo kwa papo, usiku, akiwa ameegemea mkono wangu, na mara nyingi sikwami. Mlima ni mlima, kitanda ni kitanda. Lakini neno linaweza kuwepo katika lugha na kitu chake kisiwepo nyumbani. Katika nyumba yetu, kwa joto hili la Dar es Salaam, hakuna hata kipande cha kodrai. Mimi niliijua kwa mjomba wangu, aliyekuwa na suruali moja tu ya namna hiyo, ya kahawia, na aliyekuwa akisikika kabla hajaonekana: fwii, fwii, paja kwa paja, akikatiza uani. Nikamwigizia mtoto ule mlio. Akacheka sana, lakini hakuelewa.

Jumamosi nikamchukua tukaenda Karume, akaishike kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa langu lilianzia hapo. Ilikuwa Januari, na anayelea mtoto hapa mjini anajua Januari ni mwezi wa namna gani: ada, sare, madaftari, viatu, na mshahara wa Desemba ulikwisha liwa na sikukuu. Kwa muuzaji mmoja wa nguo za watoto, chini ya rundo, tukaipata ovaroli ndogo ya kodrai. Haikuwa ya kijani kama ya dubu, ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Mtoto akapitisha kidole juu yake. Akapitisha tena, taratibu.

"Kama shamba la bibi," akasema. Alikuwa na maana ya matuta ya viazi.

"Elfu saba, dada," muuzaji akasema. "Kwa ajili ya mtoto, chukua kwa sita."

Elfu sita nilikuwa nayo. Ilikuwa ya soksi na sweta la shule. Nikaigeuza ile ovaroli huku na huku, nikaona kamba moja ya begani haina kifungo. Nikashikilia hapo hapo. "Haina kifungo," nikamwambia mtoto. "Mbovu hii. Tutatafuta nyingine."

Muuzaji alinitazama. Wao wanawajua wateja: yuko anayekataa nguo, na yuko anayekataa bei. Hakusema kitu, akairudisha kwenye rundo.

Kitabu nilikuwa nimekinunua kwa jalada lake tu, sikukipitia. Ndiyo maana usiku ule, nilipofika kwenye ukurasa ambapo mama mmoja, ndani ya duka kubwa, anamkatalia binti yake dubu kwa sababu dubu hana kifungo kimoja cha begani, nilinyamaza. Mtoto akainua kichwa akanitazama. Hakusema lolote, na mimi nikafungua ukurasa unaofuata.

Kitabu hicho, *Corduroy*, kiliandikwa na kuchorwa na Don Freeman, Mmarekani, kikachapishwa na Viking Press mwaka 1968. Kimesomwa na vizazi, na kwa kawaida husifiwa kwa jambo moja: kwamba kinamfundisha mtoto kuwa atapendwa kama alivyo, na kasoro zake. Hadithi ni fupi. Dubu wa kuchezea, aliyevaa ovaroli ya kijani ya kodrai, yuko kwenye rafu ya duka akingoja mnunuzi. Msichana aitwaye Lisa anamtaka. Mama yake anakataa. Usiku, duka likiwa tupu, dubu anashuka kutafuta kifungo alichoambiwa amekipoteza. Anapanda ngazi za umeme akidhani ni mlima, anafika kwenye ghorofa ya samani akidhani ni kasri, anang'ang'ania kifungo cha godoro akidhani ni chake, anaangusha taa, na mlinzi anamrudisha kwenye rafu. Asubuhi Lisa anarudi na akiba yake ya kibubu, anamnunua, anapanda naye ngazi nne za jengo hadi nyumbani kwao, na kumshonea kifungo.

Mimi nilikisoma kitabu hiki mara kumi hivi kwa wiki moja, si kwa kupenda, ila kwa kuamriwa na mwenye umri wa miaka sita. Na katika kurudia huko nikaona kwamba sifa ile ya kawaida inapita pembeni ya kitu chenyewe. Hadithi hii inahusu hela, na inahusu kitambaa. Kupendwa kunakuja baadaye.

Nianze na kitambaa, kwa sababu ndicho kilichonipeleka Karume, na kwa sababu wanaokisifu kitabu huwa hawakigusi. Freeman angeweza kumvika dubu wake chochote. Alimvika kodrai, kisha akampa hilo kuwa jina.

Jina lenyewe lina uongo ndani yake. Watu hupenda kusimulia kuwa corduroy ni Kifaransa, *corde du roi*, kamba ya mfalme, na kwamba wafalme wa Ufaransa ndio walioianzisha. Wafaransa wenyewe hawaiiti hivyo. Wao husema *velours côtelé*, yaani mahameli yenye mbavu. Wajerumani na majirani zao wa kaskazini wameiita kwa jina la mji, Manchester, na hao ndio walio karibu zaidi na ukweli. Kodrai tunayoijua ni mtoto wa viwanda vya pamba vya kaskazini mwa Uingereza, na ukoo wake ni wa vitambaa vizito vya pamba vilivyoitwa fustiani, jina ambalo wengi huliunganisha na Fustat, mji wa kale ambao leo uko ndani ya Kairo. Mfalme hayumo.

Waliomo ni wakataji. Kodrai hufumwa kwa mtande mmoja na mishindio miwili. Mshindio wa kwanza hupita juu na chini ya mtande ukashika kitambaa. Wa pili huruka juu ya nyuzi kadhaa za mtande bila kushikwa, ukaacha mistari ya nyuzi zilizolegea kwa urefu wote wa kitambaa. Kisha kisu chembamba hupitishwa chini ya nyuzi hizo, mstari baada ya mstari, kuzikata. Ncha zilizokatwa huinuka, hupigwa brashi, na hapo ndipo matuta huonekana. Kabla ya mashine kazi hiyo ilifanywa kwa mkono katika Lancashire na Cheshire. Kitambaa kilitandazwa juu ya meza ndefu, na mkataji, mara nyingi mwanamke au mtoto, alitembea kando ya meza akisukuma kisu ndani ya mstari mmoja hadi mwisho, akarudi, akaanza mwingine. Ukitaka kujua alitembea kiasi gani, hesabu matuta. Kodrai ya kawaida ina matuta 11 hivi kwa inchi moja. Nyembamba sana, ile ya nguo za watoto wachanga, hufika 21. Zidisha kwa upana wa kitambaa, kisha kwa urefu wa meza. Ni maili nyingi kwa siku, kwa miguu, bila kutoka chumbani.

Kitambaa hicho kilivaliwa na watu wa aina ile ile iliyokitengeneza. Ni kizito, kinavumilia magoti na kufuliwa, hakionyeshi uchafu upesi. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alieleza kwamba fustiani ilikuwa vazi la mfanyakazi kiasi kwamba wafanyakazi waliitwa, na kujiita, majaketi ya fustiani, na matajiri wakatambulikana kwa sufu yao laini. Miaka michache kabla yake, mwaka 1841, Feargus O'Connor, kiongozi wa vuguvugu la Wachartisti lililodai haki ya kupiga kura kwa kila mwanamume, alitoka gerezani mjini York akiwa amevaa suti ya fustiani. Alikuwa mwanasheria na mtu wa familia yenye ardhi. Hakuwa na haja ya kuivaa. Aliivaa ili waliomngoja nje wasome mwilini mwake alikuwa upande gani kabla hajafungua mdomo. Sisi wa pwani ya kanga hatuhitaji kuelezwa kwamba nguo husema. Tofauti ni kwamba kanga ina maneno, na kodrai ina tabaka.

Lugha yetu ina bahati ndogo hapa. Kiswahili humwita kifungo yule aliye kwenye shati, na humwita kifungo yule aliyemweka O'Connor ndani ya kuta za York. Mmoja akitoka kifungoni anavaa kodrai; mwingine amevaa kodrai na anatafuta kifungo. Nilipomsomea mtoto kwamba dubu alikesha akitafuta kifungo chake, nilisikia maana zote mbili, hata kama Freeman, kwa Kiingereza chake, hakuweza kuzisikia.

Pia kuna pamba. Viwanda vya Lancashire havikulima hata mche mmoja. Mwaka 1902 wenye viwanda waliunda Chama cha Waingereza cha Kulima Pamba ili makoloni yawalimie, na kuanzia 1903 mbegu zikasambazwa Uganda. Baadaye, upande wetu wa Ziwa, Usukuma ikaja kuiita pamba dhahabu nyeupe. Leo nguo zinateremka kwetu kwa marobota, zimekwisha valiwa na watoto wa huko. Pamba ilitoka hapa ikiwa haina kifungo bado, na inarudi kifungo chake kikiwa kimekwisha poteza. Sisemi ovaroli ya Karume ilitokana na shamba la Mwanza. Nasema njia ni ile ile, na mtoto wangu alikuwa amesimama mwisho wake akihesabu matuta.

Sasa rudi dukani. Dubu aliyevaa kitambaa cha wafanyakazi, chenye jina la kifalme la uongo, anapanda hadi ghorofa ya samani, anaona vitanda na makochi, na kudhani amefika kwenye kasri ambalo siku zote alitamani kuishi. Anafanya kosa lile lile la wanaosimulia kamba ya mfalme. Kisha anapelekwa kwa Lisa, chumba kidogo juu ya ngazi nne, kitanda cha ukubwa wake kando ya cha msichana, na anatambua kwamba hapa ndipo nyumbani. Kitabu kinasema waziwazi kwamba chumba hicho si kama kasri. Nadhani Freeman alijua alichokuwa akifanya alipochagua kodrai. Na kama hakujua, mkono wake ulijua.

Alijua jingine pia. Lisa na mama yake ni Weusi. Maneno ya kitabu hayasemi hivyo hata mara moja, michoro inasema. Mwaka 1965 mwandishi Nancy Larrick alichapisha makala iliyohesabu vitabu vya watoto 5,206 vya Marekani, akakuta kwamba asilimia 6.7 tu ndivyo vilivyokuwa na mtoto Mweusi hata mmoja. Miaka mitatu baadaye, mwaka ule ule Martin Luther King Jr. alipouawa, Freeman anamchora msichana Mweusi kama mnunuzi. Si mtumishi wala mpita njia. Anaingia dukani mara mbili, anachagua, analipa, anakataa dubu asiwekwe ndani ya sanduku, anambeba mikononi. Hilo ni jambo kubwa, na limefanywa bila kelele.

Lakini nina ugomvi na kitabu hiki, na ugomvi wenyewe ni juu ya mama.

Soma tena lile katazo. Mama wa Lisa anatoa sababu mbili, na anazitoa kwa mpangilio. Kwanza anasema leo amekwisha tumia hela nyingi. Kisha, kama nyongeza, anasema dubu mwenyewe haonekani mpya, amepoteza kifungo. Sababu ya kwanza ni ya kweli na ameitaja wazi. Ya pili ni ile tunayoiongeza ili ya kwanza isiume sana. Sasa tazama dubu alisikia nini. Alisikia ya pili tu. Haendi kutafuta hela usiku ule. Anakwenda kutafuta kifungo. Amehitimisha kwamba hakununuliwa kwa sababu ana kasoro. Kurasa nyingi za kitabu, mlima, kasri, godoro na taa, ni safari ya kiumbe mdogo anayejaribu kurekebisha mwilini mwake kosa ambalo lilikuwa kwenye pochi ya mtu mwingine.

Hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu, na sijaona ikisifiwa. Mtoto hasikii bajeti. Husikia kasoro.

Ugomvi wangu unakuja baada ya hapo. Kuna usiku mbili katika hadithi hii na Freeman amechora mmoja. Wakati dubu akizunguka dukani, huko nyumbani Lisa alivunja au alitikisa kibubu chake, akahesabu, akazungumza na mama, na mama akakubali. Tunajua hivyo kwa sababu Lisa anakuja asubuhi akimweleza dubu kwa sentensi moja. Sentensi moja tu! Mwanamke aliyesema hapana mchana alisema ndiyo usiku, na hatuonyeshwi uso wake. Alipiga hesabu gani? Alimwangalia mwanawe akihesabu sarafu kitandani, akajisikiaje? Mnunuzi wa mchana, ambaye hela zimemwishia, anatoweka katika kitabu, na tunabaki tukimkumbuka kama mtu aliyejali kifungo. Kitabu kinamtetea dubu na kinamtetea Lisa. Mama anaachwa ajitetee mwenyewe, naye hana ukurasa.

Najua wako watakaosema kwamba hiki ni kitabu cha watoto na watoto wanamtaka dubu. Ni kweli. Lakini kitabu cha watoto husomwa na wawili, na mmoja wao ni mtu mzima anayetamka maneno kwa sauti. Maneno ya mama wa Lisa nilipaswa kuyatamka mimi, usiku baada ya usiku, nikijua kwamba yeye alisema kweli kwanza na uongo mdogo baadaye, na kwamba mimi, pale Karume, niliruka kweli nikaenda moja kwa moja kwenye uongo.

Alhamisi ya wiki ile nilirudi kazini nikamkuta mtoto ameketi kizingitini akinisubiri. Alikuwa na shati lake la sare, ile mpya, na kwenye kiganja alikuwa na kifungo cheupe. Alikuwa amekikata kwa mkasi wa jikoni, na kipande kidogo cha kitambaa kilikuwa kimekuja nacho.

"Sasa kifungo tunacho," akasema. "Twende tukainunue."

Sikumpiga, wala sikumkaripia, ingawa shati lilikuwa la elfu kumi na mbili. Nilikaa chini pale pale kizingitini na begi langu begani. Alikuwa amefanya alichofanya dubu. Nilimwambia nguo ina kasoro, naye akaitibu kasoro. Kosa gani hapo?

Nikamwambia, "Mama hakuwa na hela. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya soksi zako na sweta. Kifungo nilisingizia."

Alifikiri. "Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Kwangu mimi?"

Nikakosa jibu la haraka. Tukaingia ndani, akaleta kibubu chake, kopo la maziwa ya unga lenye mpasuo juu. Tukamwaga sarafu kitandani tukazihesabu pamoja. Zilifika elfu mbili na mia nne. Nikaongeza yangu. Huo ndio usiku ambao Freeman hakuuchora, na ninaweza kusema haukuwa na maajabu: mtu mzima na mtoto wamekaa kitandani, wanapanga sarafu za mia na za mia mbili katika vichuguu, wanakosea, wanaanza upya.

Jumamosi tukarudi Karume. Yule muuzaji alitukumbuka. "Ilikwenda juzi, dada," akasema, na akaonekana kusikitika kweli. Hapa kitabu na maisha vinaachana. Rafu ya duka kubwa humngojea Lisa hadi asubuhi. Rundo la mitumba halimngojei mtu. Kila nguo ni moja, na haiji tena. Mtoto aliniuliza kama aliyeinunua alikuwa na kifungo. Nikasema pengine alikuwa nacho. Akaridhika na hilo zaidi yangu.

Hukumu yangu basi, kwa anayetaka kumnunulia mwanawe: kinunue. Ni kitabu chema, na michoro yake ina huruma. Msomee mtoto, mpe kodrai aishike kama unaweza kuipata, mwambie ilikatwa na watu waliotembea sana. Ukifika kwa mama, usimwachie kifungo peke yake. Tamka ile sababu ya kwanza kwa sauti ile ile, au hata kwa sauti kubwa zaidi. Ni maneno machache, nayo yamo kitabuni tayari.

Jumapili jioni nilikishona kile kifungo kwenye shati lake. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, nikatumia wa bluu. Jumatatu akaenda nalo shuleni.